Pongezi kwa Erna Hoover

Mwanamke aliyesoma historia ya zama za kati, kisha akapata udaktari wa falsafa na misingi ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1951, ndiye aliyejaaliwa kuyatibu maradhi ya mitambo ya simu, ambayo, ikifurikiwa na wapigaji kwa wakati mmoja, ilizidiwa ikasita. Mhandisi huyu wa Bell Labs, angali hospitalini baada ya kujifungua binti (jambo linistaajabishalo kila nilikumbukapo), alichora rasimu ya programu ya kuupima wingi wa simu ziingiazo na kuiamuru kompyuta itangulize kupokea na kuunganisha, hesabu za malipo zisubiri. Hataza yake, miongoni mwa za awali kabisa za programu, ilitolewa mwaka 1971. Nami naitukuza kwa dhati.