Kasoro Kama Ushahidi: Yav, Tshibumba na Sauti za Kenani

Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi katika nyumba za Wazungu, historia ya Elisabethville, jiji ambalo sasa huitwa Lubumbashi. Andiko hilo, lenye jina la Kifaransa, liko katika Kiswahili cha Katanga, na kwa jicho la mhariri wa Kiswahili sanifu ni fujo tupu: maneno yameunganishwa pasipostahili na kukatwa pasipotarajiwa, vituo ni haba, tahajia ya neno lile lile haitulii. Johannes Fabian, alipolihariri kwa toleo la 1990, alimtegemea Kalundi Mango alisome kwa sauti ili maana ipatikane. Hapo ndipo ulipo uzuri wake. Andiko hili linadai kinywa. Anayelisoma kimya huona vurugu, anayelitamka humsikia mtu akisimulia.

Programu za akili mnemba zaweza kulinyoosha kwa muda mfupi. "Batu" watakuwa "watu", "eko" itakuwa "yuko", aya zitapangika. Tutapata nathari safi isiyo na mwenyewe.

Kwa upande wa brashi, mfano ulio karibu ni Tshibumba Kanda Matulu. Mnamo 1973 na 1974 alimchorea Fabian picha zipatazo 100 za historia ya Zaire, juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akizieleza kwa Kiswahili. Wapo wanaodai kuwa mkono hutofautiana na mashine kwa sababu haurudii. Si kweli: wachoraji wa Lubumbashi waliishi kwa kuuza picha ile ile mara nyingi. Ila kila nakala ilipita upya katika kumbukumbu ya mchoraji, ikatoka na tofauti zake. Mashine nayo hubadilisha, lakini haina la kukumbuka.

Sisemi kwamba kasoro ni nzuri kwa kuwa ni kasoro. Gunia la unga lilikuwa turubai ya mtu asiye na fedha. Kuusifia ufukara huo ni anasa ya mnunuzi.

Wala suala hili si la makumbusho pekee. Tangu 2017, Wakongo waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika wamepokewa Kenani, wilayani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, na wengi wakahamishiwa Mantapala. Kiswahili cha wengi wao ni ndugu wa karibu wa kile cha Yav. Mahojiano yao yakinukuliwa na programu iliyofunzwa kwa Kiswahili sanifu, shahidi wa Pweto aweza kusomeka kama mtu wa Dodoma, na afisa anayepima asili yake atakuwa anapima kazi ya mashine. Toleo la 1990 liliweka andiko la asili, usomaji wa sauti na tafsiri katika jalada moja. Unukuzi wa Kenani nao uhifadhi kwanza sauti, kisha maneno kama yalivyotamkwa; usanifishaji ukae pembeni.