Banda la Vitu Vitupu

Januari kaskazi huvuma Unguja kutwa kucha, na ukikosea kuelekeza banda, vifuko vitupu huruka. Najua kwa sababu vyangu viliruka. Mwaka wa kwanza niliposaidia kupanga banda la vifungashio kwenye maonesho ya biashara, nilikesha nikivipanga mezani kwa saizi, gramu 50 mpaka kilo moja, vimenyooka kama wanafunzi wa skuli mstarini. Asubuhi upepo ulipita mara moja tu. Nusu ya vifuko ikahamia kwa jirani yetu muuza majiko, na vilivyobaki vikalala kifudifudi.

Bi Mkubwa aliyenitia kwenye kazi hii hakucheka. Aliokota kimoja, akakipangusa kwa pindo la kanga, akaniuliza: "Mwanangu, ushawahi kumuona mtu akinunua kifuko?"

Sikuwa na jibu. Miaka imepita, na bado naona kazi nzima ya banda la vifungashio imo ndani ya swali hilo. Muuza asali huja maonesho na asali yake, na fundi wa makasha huja na kasha lake la njumu. Sisi wa vifungashio laini, yaani vifuko vinavyosimama, pakiti za zipu, rola za filamu na mifuko ya karatasi yenye kidirisha, twaja na kile ambacho mnunuzi atakichana na kukitupa. Tunapanga banda la vitu vitupu, na mgeni anatakiwa asimame mbele yake auone mdalasini wake mwenyewe, ambao bado uko nyumbani kwenye ndoo.

Ndiyo maana Bi Mkubwa haanzi na meza wala bango. Wiki moja kabla ya maonesho huchukua chaki akachora mraba uani kwake, Ng'ambo, mita tatu kwa tatu, ukubwa wa banda la kawaida. Kisha huweka viti, ndoo na ubao wa kupigia pasi, kila kimoja kikishika nafasi ya kitu kitakachokuwepo, na watoto wa mtaa huamrishwa wawe wageni. Wanaingia, wanagongana, wanatoka. Yeye amekaa kizingitini anatazama miguu yao. Pale wanapogongana, hufuta chaki kwa kiganja na kuchora upya. Nimeona akihamisha ubao wa pasi mara saba jioni moja, na mara ya saba aliurudisha ulipokuwa mara ya tatu. Ukilipita banda lake kwenye viwanja hutajua kwamba kuna chaki iliyofutwa chini yake. Utaona tu kwamba umeingia bila kukusudia.

Meza hawezi kuivumilia ikiwa mbele. Husema meza iliyokingama mlangoni ni kaunta ya benki, na benki mtu haendi ila ana shida. Huisukuma ubavuni, na mahali pake huweka benchi refu la chini lililoegemea ukuta, kando ya njia. Mtu yeyote wa Mji Mkongwe atalitambua: ni baraza. Nyumba zetu za mawe zimejengwa na viti vyake nje, ili mpita njia apate pa kukaa bila kubisha hodi na mwenyeji apate habari bila kutoka. Akishakaa mgeni, akapewa kahawa chungu na kipande cha kashata, hana haraka tena ya kwenda kwa muuza majiko. Maonesho yalipokuwa viwanja vya Maisara, watu walikuja jioni kwa miguu kupunga upepo, na baraza lilijaa wasiokuwa na nia ya kununua chochote. Tangu yahamie Nyamanzi, njia ya Fumba, wanaofika wamepanda gari makusudi na wamechoka kwa jua. Kwa hawa, Bi Mkubwa aliongeza urefu wa benchi na kupunguza vitu ukutani.

Kuhusu ukuta ana fundisho ambalo sijaliona likizidiwa na mchoraji yeyote wa kompyuta. Banda, anasema, ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ndilo linaloambia jicho kitu kinaanzia wapi na kuishia wapi, kwa hiyo kingo za banda zipewe rangi moja na zisichezewe. Mji ni katikati, pambo moja kubwa na si kumi. Jina ni yale maneno machache yanayosomwa mwanamke akishapita na kukupa mgongo. Hayo hayawi sentensi mbili, wala hayana namba ya simu. Kampuni moja iliwahi kumletea bango lenye historia yake yote tangu kusajiliwa, picha ya mkurugenzi na orodha ya mashine. Alilisoma kwa adabu mpaka mwisho, akasema hiyo kanga labda avae mtu aliyesimama tuli siku nzima.

Sasa nifike kwenye karafuu, maana hapa ndipo ufundi wake unapokuwa mchezo wa mazingaombwe. Visiwa hivi vimejulikana duniani kwa karafuu, na kwa zaidi ya karne moja karafuu hizo zimeondoka bandarini ndani ya magunia. Hata kwenye maonesho makubwa ya himaya ya Waingereza pale Wembley mwaka 1924, Zanzibar ilipewa pembe yake ndani ya jengo la Afrika Mashariki. Gunia halisemi limetoka wapi likishamwagwa. Jina hutiwa huko mbele, kwenye pakiti ndogo, na bei hupanda hapo. Mwenye kisiwa kidogo anayejifunza kufungasha anataka jina lake libakie juu ya kitu chake. Sioni haja ya kulipamba zaidi.

Lakini karafuu ni mzigo mkaidi. Harufu yake inatokana na mafuta yenye yujenoli, na mafuta hayo hayaheshimu nailoni ya kawaida: hupenya polepole mpaka kabati zima linanuka. Yakikaa kwenye kikombe chepesi cha polistirini hukilainisha na kukiharibu. Kinachoyazuia ni filamu ya tabaka kadhaa, polyesta juu kwa kubeba chapa, foili ya alumini katikati kwa kuzuia harufu, unyevu na mwanga, na polithini ndani kwa kuyeyuka na kuziba. Ukimueleza mgeni hivyo, atatikisa kichwa kwa heshima na kuondoka.

Bi Mkubwa haelezi. Siku tano kabla ya maonesho hufunga karafuu kiganja kimoja ndani ya nailoni ya kawaida, na kiganja kingine ndani ya kifuko cha foili. Kila kimoja hukitia kwenye bakuli lake la udongo, akalifunika kwa kawa. Bandani humwambia mgeni: "Funua hili, baba. Haya, na hili." Bakuli la kwanza linanuka Pemba nzima msimu wa mavuno. La pili linanuka udongo. Mgeni hulifunika, hulifunua tena, huinamia mpaka pua inagusa. Nimewaona wazee wenye mashamba wakirudia mara tatu, kisha wanauliza bei kwa sauti ya chini, kama wanauliza dawa.

Na bei ndiyo sehemu ya banda inayopangwa vibaya kuliko zote, kwa ajili ya kiburi tu. Waonyeshaji wengi huweka mbele vifuko vilivyochapwa rangi saba vinavyong'aa. Lakini uchapaji mkubwa hutumia silinda, na kila rangi inataka silinda yake, kwa hiyo kiwanda hakiwashi mashine kwa oda ndogo. Anayesimama mbele yako Unguja ni mama wa Paje mwenye unga wa mwani, zao lililoanza kulimwa kwa biashara kwenye pwani ile mwaka 1989, au ni kijana mwenye viungo vya pilau vya jikoni kwa mama yake. Anataka vifuko mia tatu. Ukimuonyesha rangi saba kisha umtajie elfu kumi, umemuaibisha mbele za watu. Bi Mkubwa huweka mbele vifuko visivyo na chapa, pamoja na rola ya stika, mkasi, na mashine ndogo ya kuziba. Humwambia mtu abandike jina lake hapo hapo kwa mkono wake. Vyenye rangi hukaa rafu ya juu nyuma, vya kutazamwa. Vyote, vya mbele na vya nyuma, vimejazwa viungo vya kweli, kwa sababu kifuko chenye mchanga mkono huujua.

Kila mwaka yupo atakayeuliza: plastiki hizi si ndizo zilizopigwa marufuku? Zanzibar iliipiga marufuku mikoba ya plastiki mwaka 2006, Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019 huku vifungashio vya bidhaa za viwandani na za kilimo vikiachiwa nafasi. Nilikuwa nikijibu kwa sheria. Yeye hujibu kwa kuuliza: bidhaa yako inauzwa lini? Ukimwambia leo leo, hapa Darajani, hukunyooshea mfuko wa karatasi, au kikapu cha ukili anachokiweka bandani kwa kazi hiyo, na anakuwa amempoteza mteja. Filamu ya tabaka haitenganishiki kirahisi ikishakuwa taka. Anaona si haki kuifungia kitu kitakacholiwa jioni. Wenye kampuni hawaipendi sana tabia hii, ila mwaka wa pili wanamwita tena.

Mara ya mwisho tulivunja banda jua likizama. Mabango yalikunjwa, benchi likapakiwa kwenye gari la mizigo, na sisi wawili tukapanda daladala ya mjini, mabakuli yamefungwa kwenye kanga mapajani mwake. Karafuu za nailoni na za foili alikuwa amezitia mkoba mmoja. Kabla hatujafika mbali, abiria wa mbele waligeuza shingo. Konda akainama mlangoni, akavuta pumzi, akatutazama mmoja mmoja kama afisa wa magendo.

"Nani kabeba karafuu humu?"

Bi Mkubwa akaingiza mkono mkobani, akamkabidhi kile cha foili. Konda alikinusa, akakigeuza, akakinusa tena, akamrudishia.

"Hiki hakina kitu, mama," akasema, na kuendelea kunusa viti vya nyuma.