"Spishi Mpya": Mpya kwa Nani?

Orodha za wadudu zinapofasiriwa kwa Kiswahili, istilahi moja hurudiwarudiwa bila kuulizwa maana yake: "spishi mpya". Katika rasimu moja ya orodha ya kunguni wa mimea iliyoletwa mezani kwetu ili isanifiwe, maneno hayo yametumika kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, wala mfasiri hakuona haja ya kuyatenga. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba kosa hilo si la mapambo ya lugha tu.

Familia ya Miridae, ambayo ndiyo hasa ya kunguni wa mimea, ina spishi zaidi ya 11,000 zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi. Habari zinazoandikwa juu yao ni za namna mbili. Kuna mdudu ambaye hajapata kuelezwa na mtaalamu yeyote duniani. Na kuna mdudu ajulikanaye kwingineko, ila ndiyo kwanza aonwe katika nchi fulani. Tumchukue Deraeocoris flavilinea. Costa, mtaalamu wa Italia, alimweleza mwaka 1862. Uingereza akaandikwa mara ya kwanza mwaka 1996. Kumwita huyu "spishi mpya" ni kumbeba mzee wa miaka 134 kwa mbeleko.

Kwetu Afrika ya Mashariki tunao mfano wa kinyume chake. Kunguni wa minazi, ambaye ni wa familia nyingine, Coreidae, alipewa jina la Pseudotheraptus wayi na Brown mwaka 1955. Kwa sayansi alikuwa mpya kabisa, hata jenasi yake iliundwa wakati uo huo. Kwa wenye minazi hakuwa mpya: mwaka 1953 Way alikwisha kuchapisha habari zake, na za sisimizi wakali waitwao maji moto ambao humfukuza mnazini. Jina lilikuja nyuma. Madafu yalikwisha kupukutika.

Tofauti hii ina uzito kwa mkulima na kwa mkaguzi wa bandarini. Mdudu akiwa amevuka mpaka juzi, swali ni la karantini: ameingia na miche ipi, na adui zake wa asili wamebaki wapi? Akiwa alikuwapo siku zote ila hakupewa jina, swali la bandari halina kazi. Yawezekana dawa yake imo shambani mumo humo, kama maji moto walivyokuwamo minazini. Afisa asomaye "spishi mpya" hajui ashike njia ipi.

Wako wanaopendekeza "spishi ngeni". Sikubaliani nao. Mgeni ametoka kwingine, na kuonwa kwa mara ya kwanza si ushahidi wa safari; pengine aliyechelewa ni mtazamaji. "Rekodi mpya" nayo inaeleweka, ingawa masikio yetu yamezoea kuisikia viwanjani kwa wakimbiaji. Naona ifaayo ni "usajili wa kwanza nchini", ikifuatwa na mwaka, na "spishi mpya" ibakizwe kwa ile iliyoelezwa kwa mara ya kwanza katika elimu. "Ngeni" itumike pale tu kuingia kwake kulipothibitishwa.

Rasimu hiyo ina jambo jingine, ambalo huenda wengi wakaliona dogo. Helopeltis, mharibifu wa mikorosho, ameandikwa "mbu wa mikorosho". Jina hili wakulima wanalo, na baraza halina amri juu ya vinywa vya watu. Simbamangu naye si simba, wala hakuna aliyedhurika. Lakini mbu huzaliwa majini, ilhali Helopeltis huyatia mayai yake ndani ya machipukizi mororo, na tunutu wake hufyonza utomvu papo hapo. Anayeambiwa "mbu" aweza kufukia madimbwi msimu mzima, huku machipukizi yakikauka juu ya kichwa chake. Jina la wakulima liachwe katika safu yake, na kando yake pawe na neno "kunguni", kwani kwa nasaba Helopeltis yu karibu zaidi na kunguni wa kitandani kuliko mbu yeyote. Rasimu imerudishwa kwa mfasiri pamoja na masahihisho hayo.