Kunasa Matangazo Bila Kuyagusa

Taarifa ya habari ya saa moja inapofika kwenye antena ya paa la nyumba Nairobi, hufika ikiwa imekatwakatwa vipande vya baiti 188 kila kimoja. Pakiti hizo husafiri zikiwa zimechanganyika: picha ya Citizen, sauti ya KTN, picha ya NTV, ratiba ya vipindi, hata saa na tarehe. Kila moja ina kichwa cha baiti nne kinachotaja ni ya mkondo gani. Seva ya nyumbani inayorekodi runinga huzichekecha, ikabaki na zinazotakiwa, ikaziandika kwenye diski. Naistahi kazi hii hasa kwa adabu yake. Waliobuni hatua zake walitaka kilichotoka kituoni kikae bila kuongezwa wala kupunguzwa.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Kuna sanduku la diski mbili au nne, limewekwa karibu na ruta. Kuna kipokezi cha mawimbi, ama kidogo cha kuchomeka kwenye USB, ama kinachojitegemea, antena ikiingia upande mmoja na waya wa mtandao ukitoka upande wa pili, kama HDHomeRun inayotengenezwa na kampuni ya SiliconDust ya Marekani. Kisha ipo programu. Ninayoizungumzia ni Tvheadend, iliyoanzishwa na Mswidi Andreas Öman na baadaye ikalelewa na wengine, akiwemo Jaroslav Kysela, Mcheki aliyeanzisha pia ALSA, mfumo wa sauti wa Linux. Hutolewa bure, na yeyote anaweza kusoma msimbo wake.

Wazo lake kuu ni kutenganisha kupokea na kutazama. Seva pekee ndiyo inayohitaji antena. Televisheni ya sebuleni, kompyuta ya chumbani na simu iliyoko jikoni huomba matangazo kupitia mtandao wa nyumba, na seva huvipa vyote, hata vikiwa vinaonyesha stesheni tofauti.

Hapo ndipo mtu anapaswa kuyajua mawimbi ya kwao. Kenya ina wabebaji wa matangazo ya dijitali waliopewa leseni: Signet ya KBC, Pang, na ADN iliyoundwa na mashirika ya Nation, Standard na Royal Media. Kila mmoja hufunga stesheni nyingi pamoja na kuzirusha kwenye masafa mamoja. Fungu hilo mafundi huliita maltipleksi. Kipokezi kimoja hukamata maltipleksi moja tu kwa wakati, lakini huikamata nzima. Kwa hiyo NTV, KTN na Citizen zikiwa pamoja kwenye fungu la ADN, kipokezi kimoja kinatosha kurekodi taarifa za habari za zote tatu kwa wakati mmoja. Ukitaka na KBC saa ileile, ongeza cha pili. Anayeelewa hili hununua vipokezi viwili akatulia. Asiyelielewa hununua vinne, au hununua kimoja akabaki akishangaa kwa nini kipindi kimoja kinakataa kurekodiwa huku vitatu vikirekodiwa bila shida.

Kabla pakiti hazijafika kwenye seva, kuna kazi nyingine ambayo haionekani kabisa. Mawimbi ya UHF hugonga mabati, majengo na miti, mengine yakachelewa, mengine yakafifia. Kiwango cha DVB-T2, kilichochapishwa mwaka 2009 na kinachotumika Kenya, kinaruhusu mkondo mmoja wa matangazo kugawanywa kwenye vibeba-mawimbi vidogo zaidi ya 27,000 ndani ya upana wa megahezi 8, kisha kila kilichoharibika njiani kifanyiwe hesabu ya kusahihishwa. Hesabu hiyo ilibuniwa na Robert Gallager huko MIT mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Kompyuta za enzi hizo hazikuwa na nguvu ya kuitumia, ikawekwa kando hadi watafiti walipoirudia katika miaka ya 1990. Sasa imo ndani ya kipokezi kinachokaa kiganjani. Kila nikitazama picha safi iliyopita juu ya mabati ya mtaa mzima, namfikiria mwanafunzi yule aliyeikamilisha hesabu yake kabla dunia haijawa na kifaa cha kuifanyia kazi.

Pakiti zikishasahihishwa, Tvheadend hujizuia. Katika mpangilio wake wa kawaida haiibani picha upya wala haiisanifu. Huchukua pakiti za stesheni uliyochagua, huandika upya zile jedwali chache zinazoeleza ndani ya mkondo kuna nini ili zitaje stesheni hiyo peke yake, na yaliyobaki huyahamisha kama yalivyokuja. Ndiyo maana kompyuta dhaifu, hata ya zamani, huweza kurekodi vipindi kadhaa bila kupata joto. Stesheni inayorushwa kwa megabiti 3 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 1.35 kwa saa, na diski ya terabaiti 4 itabeba karibu saa 2,900 za aina hiyo. Wapo wanaoilazimisha seva ibane kila kitu upya ili kuokoa nafasi. Siwaungi mkono. Ubora ukishapotea haurudi, na diski ni kitu cha kununua.

Kuna jambo dogo ninalolipenda kuliko yote. Ndani ya kichwa cha kila pakiti mna hesabu inayokwenda kuanzia 0 hadi 15, kisha kurudi 0, kila mkondo na hesabu yake. Pakiti ya 6 ikifuatwa na ya 8, seva inajua ya 7 imepotea, na inaandika hivyo. Rekodi ikiisha, unaweza kufungua orodha ukaona idadi ya makosa kabla hujatazama hata sekunde moja. Mashine hii haikufichi hali ya kazi yake.

Kuhusu muda, inatosha kusema kwamba mechi haiheshimu ratiba. Seva husoma ratiba inayorushwa pamoja na matangazo, na unaweza kuiagiza irekodi kila kipindi chenye jina fulani bila kukumbushwa. Stesheni ikitangaza vizuri kwamba kipindi kimeanza sasa hivi, seva hufuata tangazo hilo. Isipotangaza, unaipa dakika chache za ziada mwanzoni na nyingi zaidi mwishoni, hasa usiku wa fainali, maana penalti hazimsubiri mtu.

Stima ikipotea ndipo unapoona busara ya muundo wa zamani. Faili ya MP4 ya kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni, na kurekodi kukikatika kabla ya hapo, mara nyingi faili nzima haifunguki. Mkondo wa pakiti hauna mwisho unaoutegemea. Uliundwa kwa ajili ya mtazamaji anayewasha televisheni katikati ya kipindi, kwa hiyo kila baada ya muda mfupi hujieleza upya. Ukikatika dakika ya arobaini, unabaki na karibu dakika zote arobaini, na zinachezeka. Stima ikirudi na kipindi bado kinaendelea, seva huwaka na kuendelea kurekodi kilichobaki.

Haya yote hutegemea mita chache za waya kati ya paa na kipokezi, na hapo namwamini fundi wa antena kuliko mtu yeyote wa kompyuta. Tvheadend huonyesha nguvu ya mawimbi na ubora wake kama vipimo viwili tofauti, na wengi hutazama cha kwanza tu. Fundi mzuri hutazama cha pili. Nguvu ikiwa kubwa mno kipokezi hulemewa, picha ikaanza kukatika kana kwamba mawimbi ni hafifu, na mwenye nyumba hukimbilia kununua kiongeza-mawimbi kingine. Fundi anayejua kazi yake atapanda juu ya paa, aione minara waziwazi, akitoe kile kilichokuwepo, aunge waya moja kwa moja, kisha asubiri hesabu ya makosa isimame.