Mnara wa Tangi na Fundi Wake

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hesabu hiyo tuliisoma shule ya msingi tukaisahau, ila fundi wa minara ya matangi hutembea nayo. Mteja akimwonyesha tangi jeusi la lita 5,000, tupu, ambalo vijana wachache wanalibeba mpaka uani, yeye anaona tani tano: mifuko 100 ya saruji iliyopandishwa juu ya vichwa vya watu, usiku na mchana, miaka nenda rudi. Ninausifu ufundi huu kwa sababu hiyo. Unaanza kwa kuuheshimu mzigo ambao bado haujafika.

Dar es Salaam inawahitaji sana mafundi hawa. Mwaka 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua, jiji liliingia kwenye mgao, na mwenye akiba juu ya mnara alipika na kufua wakati majirani wanahangaika na madumu. Tangi hupandishwa kwa sababu bila pampu, maji hupata msukumo kutokana na kimo: kila mita 10 huyapa presha ya takriban bar 1.

Kazi ya juu huanzia chini. Uzito ukishawekwa hauna pa kupotelea. Utatoka kwenye tangi uingie kwenye slabu, kwenye bimu, kwenye nguzo, mpaka udongoni, na popote penye udhaifu patajitangaza. Kwa hiyo fundi huchunguza udongo kwanza, kwani mchanga wa pwani na ule mfinyanzi mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi havistahili msingi wa aina moja. Kuta zilizojengwa kubeba bati hazikubali tani tano kwa sababu tu mwenye nyumba anabana matumizi. Fundi mwaminifu atasimamisha nguzo pembeni, zenye msingi wake.

Mtazame anaposuka nondo. Anafunga ringi moja moja kwa waya, koleo likizunguka mkononi bila papara, kisha chini ya nondo anapanga vile vipande vidogo vya zege wanavyoviita biskuti. Mpita njia hawezi kujua thamani yake. Biskuti huinua nondo ili zege lizifunike pande zote. Bila hivyo, hewa ya chumvi ya bahari huzifikia, na chuma kikiota kutu huvimba, kikapasua zege kutoka ndani. Fundi aliyeweka biskuti amemlinda mtoto ambaye pengine hajazaliwa.

Kisha huja suala la usawa. Anachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, anaujaza maji, msaidizi anashika ncha moja nguzo ile, yeye ncha nyingine nguzo hii, na maji yenyewe yanawaonyesha mstari. Usawa huo si urembo. Tangi la plastiki linataka kukalia kitako chake chote. Likiwekwa juu ya mbao zilizoachana, sakafu yake hubonyea katikati ya mbao, na ufa huanzia hapo. Tena atalifunga, maana likijaa hofu ni uzito, na likiwa tupu hofu ni upepo.

Zege likishamwagwa, hubaki sehemu ngumu kuliko zote: kungoja. Slabu humwagiliwa maji kwa siku saba au zaidi ili isikauke kabla ya kukomaa, na nguvu inayotegemewa katika hesabu hupimwa ikifika siku 28. Wakati huo nyumba ina shida ya maji, tangi liko uani, na mteja anapiga simu kila asubuhi. Wengi hukubali kulipandisha mapema. Fundi ninayemsifu anajibu kwa upole kwamba bado, na hang'oi mirunda inayoishikilia slabu hata akitishiwa kunyimwa malipo yaliyobaki. Wenye nyumba tumzoee fundi wa namna hiyo, na siku zake za kungoja tuzihesabu kwenye ujira. Kumwambia mwenye kiu asubiri, nawe ukawa na haki ya kusema hivyo, huo ni ufundi uliokamilika.