Mandhari ya Dakar katika Filamu za Sembène Ousmane: Yaliyobadilika na Yaliyosalia

Imekuwa desturi ya wapenzi wa sinema kuzuru mitaa ambamo filamu mashuhuri zilipigwa, picha ya zamani mkononi, ili walinganishe ukuta wa jana na ukuta wa leo. Desturi hii ina faida yake, kwani filamu hutunza sura ya mji ambayo huenda hata wenyeji wamekwisha kuisahau. Hata hivyo, mhakiki wa fasihi na lugha hawezi kutosheka na kuhesabu majengo yaliyobomolewa na yaliyosalia. Katika makala haya nakusudia kuzirejea filamu nne za Sembène Ousmane zilizopigwa Dakar, Senegal, kati ya miaka ya 1963 na 1975. Nitajaribu kuonyesha kwamba mandhari ya filamu hizi yamejengwa juu ya swali moja: ni nani anayeruhusiwa kuingia mahali fulani, na akiingia aseme kwa lugha gani?

Kabla ya kuendelea, yafaa tukumbuke jinsi mji wenyewe ulivyogawanywa. Mwaka 1914, tauni ilipozuka, utawala wa Kifaransa uliwahamisha Waafrika wengi kutoka Plateau, sehemu ya wakubwa, ukawaweka Médina. Mwaka 1952 ikaanzishwa Pikine, mbali zaidi, kwa ajili ya watu walioondolewa mjini. Kwa hiyo Sembène alipoanza kupiga filamu, mpaka wa kitabaka ulikuwa umekwisha kuchorwa juu ya ardhi. Hakuubuni, aliukuta.

Borom Sarret (1963), filamu ya dakika kama ishirini, ni habari ya mpaka huo. Mwenye gari la farasi anawabeba maskini wenzake: mwanamke anayekwenda kujifungua, na baba aliyepakata maiti ya mtoto wake. Mtu mmoja aliyevaa vizuri anamshawishi ampeleke Plateau, ambako magari ya farasi yamepigwa marufuku. Askari anamsimamisha, na nishani yake ya vita inapoanguka chini, askari anaikanyaga. Gari linachukuliwa, abiria anakwenda zake. Tazama jinsi msanii anavyotuonyesha kwamba tumevuka mpaka: majumba yanakuwa marefu, na muziki wa Kiafrika unaipisha sauti ya vinanda vya Ulaya. Sikio linaarifiwa sawa na jicho.

Mtu akiifuata njia hiyo leo atakuta nini? Magari ya farasi hayajatoweka. Bado hubeba mizigo katika vitongoji. Kinachoshangaza zaidi ni reli. Tangu Desemba 2021 treni mpya ya mjini hutoka stesheni ya Dakar hadi Diamniadio, nayo ina daraja la kwanza na la pili. Mpaka uliolindwa na askari wa Sembène sasa mtu huuvuka kwa tikiti, lakini tabaka limeandikwa juu ya tikiti hiyo hiyo. Twaweza kusema kwamba mlango umepanuliwa. Hatuwezi kusema kwamba hauna bawabu.

Katika La Noire de... (1966) kuna mandhari mawili ambayo hayana budi kutazamwa pamoja. La kwanza ni pale wasichana wanapokaa kando ya njia wakingoja mabibi wa Kifaransa waje kuchagua watumishi. La pili ni Uwanja wa Uhuru, ambao zamani za ukoloni uliitwa kwa jina la Protet, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa. Hapo Diouana, akiwa na furaha ya kupata kazi, anapanda mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani na kucheza miguu mitupu, huku mchumba wake akihangaika kumtoa. Uwanja ungalipo na jina lake la Uhuru lingalipo. Lakini kubadili jina la uwanja si kubadili mkataba wa kazi, na huo ndio ukali wa mandhari haya: msichana anashangilia uhuru wake mahali penye jina hilo, siku zile zile anapojiandaa kwenda kuupoteza Ufaransa.

Mandabi (1968) inatuhamisha kutoka barabarani hadi mbele ya madirisha ya ofisi. Ibrahima Dieng ametumiwa hawala ya posta na mpwa wake aliyeko Paris. Posta wanataka kitambulisho. Polisi wanataka cheti cha kuzaliwa. Wenye vyeti wanataka tarehe ambayo Dieng haijui. Mwishowe anadhulumiwa na jamaa yake msomi. Leo fedha za wahamiaji huingia kwa simu ya mkononi katika Senegal, kama ambavyo sisi tumezoea M-Pesa tangu 2007. Dirisha la posta limepoteza enzi yake. Je, filamu imepitwa na wakati? La hasha. Simu nayo husajiliwa kwa kitambulisho, na asiye na cheti yuko pale pale alipoachwa Dieng. Aidha, katiba ya Senegal ya 2001 ilizitambua Kiwolofu na lugha nyingine za nchi kuwa lugha za taifa, lakini ikakiacha Kifaransa kuwa lugha rasmi. Dirisha limebadilika umbo, lakini lugha ya karatasi haikubadilika.

Hapa ndipo suala la lugha linapokuwa kiini cha hoja yetu. Sembène, aliyekuwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa, aligeukia sinema kwa kuwa wananchi wengi hawakuweza kuvisoma vitabu vyake. Hata hivyo, mwenye gari wa 1963 anawaza kwa Kifaransa, na Diouana vivyo hivyo. Hii ni kasoro, wala heshima tuliyo nayo kwa msanii isitufanye tuifiche: jicho linaona mkazi wa mtaa wa maskini, sikio linasikia sauti ya Plateau. Mandabi ilianza kuiondoa kasoro hiyo kwa kupigwa kwa Kiwolofu, ingawa ilipigwa pia kwa Kifaransa. Hata majina ya filamu yana historia ndani yake. Katika Borom Sarret, neno la kwanza ni la Kiwolofu lenye maana ya mwenyeji au mmiliki, na la pili limetokana na neno la Kifaransa la gari la kukokotwa. Katika Mandabi, neno la Kifaransa limefungwa kwa kibainishi cha Kiwolofu, bi. Mji mzima umo katika maneno haya: chombo ni cha mgeni, sarufi ni ya mwenyeji.

Xala (1975) inalihitimisha jambo hili. Wafanyabiashara Waafrika wanakitwaa Chama cha Wafanyabiashara na kuzitoa nje sanamu za Kifaransa. Ombaomba wanafukuzwa mjini na polisi, wanarudi kwa miguu. Rama anamjibu baba yake, El Hadji, kwa Kiwolofu, naye anakasirika. Lakini siku El Hadji anapoanguka na kutaka kujitetea kwa Kiwolofu mbele ya wenzake, anakataliwa, aseme Kifaransa. Chumba ni kile kile walichokitwaa kwa shangwe. Jengo la chama hicho lingali limesimama kando ya Uwanja wa Uhuru, na mpiga picha anaweza kulinganisha nguzo zake kwa urahisi. Kamera yake haiwezi kumwonyesha ni lugha gani inayotumika ndani.

Yawezekana msomaji akapinga kwamba nimeyapa maneno uzito uliozidi, na kwamba sinema ni sanaa ya picha. Namkumbusha habari ya Ceddo (1977), iliyozuiwa Senegal huku serikali ikibishana na msanii juu ya d moja au mbili katika jina lake. Kama herufi moja yaweza kuifungia filamu mlango, basi lugha si pambo la mandhari.

Sembène alifariki mwaka 2007, na Dakar inaendelea kujengwa. Sisi wa Kenya, tulioshuhudia Ngũgĩ wa Thiong'o akiigeukia lugha ya mama mwaka 1977, tuna sababu ya kuzitazama filamu hizi kama kumbukumbu ya usemi. Anayekwenda kuzuru mitaa ya filamu za kale, Dakar au Nairobi, na achukue picha yake. Lakini akifika, asimame mlangoni asikilize ni nani anayejibiwa kwa lugha yake, na ni nani anayeambiwa arudi kesho na mkalimani.