Fundi na Flashi Yake

Baadhi ya laptopu mpya za HP huuzwa zikiwa na FreeDOS tu, mfumo ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994. Bei hushuka kwa sababu leseni ya Windows haimo. Mnunuzi anawasha, anakuta maandishi meupe kwenye kioo cheusi, moyo unampasuka: kauziwa mbovu! Si mbovu. Inangoja fundi "aipige Windows", yaani aiwekee Windows, kama wasemavyo wateja wa Dar es Salaam.

Watazamaji huidharau kazi hii, maana kwa mbali fundi anaonekana akibonyeza tu. Lakini nusu ya ufundi imekwisha kabla mashine haijaguswa. Faili la ISO lenye Windows halinakiliwi kwenye flashi kama wimbo. Huandikwa kwa programu kama Rufus ili flashi yenyewe iweze kuwasha kompyuta. Flashi ya GB 8 inatosha, na kilichokuwamo chote hufutika. Kuna mtego pia: UEFI, programu inayoiamsha mashine, mara nyingi husoma flashi ya mfumo wa faili wa FAT32 tu, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, ilhali faili la install.wim, lenye Windows yenyewe, mara nyingi huvuka hapo. Rufus huupita mtego huo kwa kutumia mfumo wa faili wa NTFS na kipande kidogo cha kuwashia. Mafundi wengine huligawa faili lenyewe.

Wakongwe watacheka. Windows 95 iliwahi kuuzwa kwenye flopi 13, na moja ikigoma, kazi imelala.

Kuifanya mashine iwake kwa flashi ni mbio za vidole: F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, tena kabla nembo haijapotea. Kisha huja ukurasa wa kuchagua diski, na hapo ndipo fundi hujulikana. Kwenye laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11, orodha hutokea tupu kabisa. Mwanagenzi hutangaza kwamba diski imekufa na kuanza kutafuta bisibisi. Fundi aliyeiva anajua diski imejificha nyuma ya VMD, kidhibiti cha diski cha Intel. Anapakia dreva ya Intel aliyoiweka mapema kwenye flashi ileile, na diski inajitokeza nzima. Mashine ingekuwa imeshatumika, angesita hapo na kuuliza picha za harusi ziko wapi, kwa kuwa kitufe cha kufuta hakibagui.

Baada ya hapo ni kusubiri, hadi Windows 11 itakapodai intaneti huku dreva ya Wi-Fi bado haipo. Fundi anachomeka simu kwa waya na kuitumia kama modemu. Bando litakalotumika ni la nani, lake au la mteja? Hilo hujadiliwa palepale, na mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko diski.